Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mpishi Naye Aketi

Ndugu wanachama,

Naanza na supu ya boga, kwa sababu ndiyo iliyougeuza mwaka wetu.

Mkutano wetu wa kwanza ulikuwa Januari. Mama mmoja kutoka Haiti, ambaye alikuwa amehamia hapa majuzi tu, alitupikia supu ya joumou: boga, nyama ya ng'ombe, viazi, kabichi na tambi, nzito, rangi ya machungwa. Wahaiti huinywa kila tarehe 1 Januari, siku waliyotangaza uhuru wao mwaka 1804. Enzi za utumwa, waliolima boga hilo na kuipika supu hiyo hawakuruhusiwa kuila. Ilikuwa ya meza ya mabwana. Walipojikomboa wakaifanya yao, na mwaka 2021 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Alitueleza haya kupitia mkalimani, sauti yake ikitetemeka kidogo. Tukapiga makofi, tukala, tukaongeza.

Nilipoinuka kutafuta maji nikamkuta amesimama mlangoni mwa jiko, aproni ingali kiunoni, anatazama bakuli zetu. Sufuria ilikuwa imekombwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwekea.

Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa tunawapokea akina mama kutoka nchi nyingine, wanaokuja kutupikia, mlangoni na mwiko mkononi, halafu tunajiita wakarimu. Nilimwomba radhi siku ile ile, na leo naomba radhi mbele yenu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeandaa shughuli ile.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Tukaacha karamu za kujipakulia, tukaanza vikundi vidogo vya kupika pamoja. Anayefundisha haoshi vyombo. Yeye ndiye anayepakuliwa kwanza, na anaketi. Najua baadhi yenu hamkupendezwa, kwani zamani mlikuja na familia nzima na sasa nafasi ni chache. Malalamiko nimeyasikia na nayaheshimu, lakini sitapendekeza turudi nyuma, na nitasema kwa nini.

Chukueni injera, ule mkate mpana na mwembamba wa Ethiopia. Katika karamu tuliila miaka mingi tukaisifu ulaini wake. Mwaka huu ndipo tulipoona inavyozaliwa. Mama kutoka Ethiopia alikuja na chupa ndogo ya ersho, yale maji ya manjano yanayoelea juu ya unga uliochachuka, ambayo ndiyo chachu ya mchanganyiko unaofuata. Unga wa teff, nafaka ndogo sana ya kwao, ulikaa siku tatu. Siku ya mwisho alichota sehemu ya uji ule, akauchemsha pembeni hadi ukashikana, akaurudisha kwenye beseni, nao ukaanza upya kutoa mapovu. Kisha akamimina kwenye kikaango kipana, akizungusha kutoka ukingoni kuelekea katikati bila mkono kusita, na vitundu vikafumbuka kimoja kimoja. Wao huviita macho. Akafunika. Haigeuzwi, upande wa chini ndio pekee unaogusa moto. Mwanachama wetu mmoja alijaribu, ikatoka nene na kipofu, na yule mama akamshika kiwiko, akamzungusha mkono kama anavyofundishwa mtoto kuandika. Hapo hapakuhitajika mkalimani.

Vipimo vilitusumbua mwanzoni. Ukimuuliza unga kiasi gani, anakuonyesha kiganja. Tulikoma kumuuliza. Sasa tunaweka beseni juu ya mzani, yeye anamimina anavyojua, sisi tunaandika namba. Naipenda njia hii kwa kuwa haimlazimishi mpishi abadilike ili sisi tujifunze.

Lakini kipindi kilichonikaa zaidi kilikuwa cha mahindi. Mama kutoka Mexico aliyachemsha na chokaa ya chakula (si ya kupaka ukuta, tafadhalini), akayalaza usiku kucha, asubuhi akayaosha hadi maganda yakatoka, ndipo akayasaga kwa ajili ya tortilla, chapati zao za mahindi. Mmoja wetu akauliza kama hatua ya chokaa inaweza kurukwa ili kuokoa muda. Jibu limo katika historia. Mahindi yalipovuka bahari kutoka Amerika kwenda Ulaya, punje zilisafiri, maarifa ya wanawake waliozipika yakaachwa. Chokaa ndiyo inayoifungua niasini, aina ya vitamini iliyojificha ndani ya mahindi ili mwili uipate. Maskini waliokula mahindi karibu matupu, bila hatua hiyo, waliugua pelagra: ngozi kubabuka, kuhara, akili kuvurugika, kifo. Daktari Gaspar Casal aliueleza ugonjwa huo huko Hispania mwaka 1735. Baadaye ulitesa kaskazini mwa Italia, na mwanzoni mwa karne ya 20 kusini mwa Marekani. Chakula kilichukuliwa, aliyekijua hakuulizwa. Ndiyo maana sitaki tuendelee kuchukua sahani tu.

Tulikosea jambo moja zito. Katika kipindi kimoja mgeni alivimba midomo na kuanza kupumua kwa shida. Mchuzi ulikuwa na ufuta, na hatukuwa tumeuliza nani hawezi kula nini. Alikimbizwa hospitali, akapona, namshukuru Mungu. Mama aliyepika alilia, akidhani ni kosa lake. Halikuwa lake, lilikuwa letu. Tangu siku hiyo kila chungu kina kadi yenye viungo vyote, na karanga, ufuta, maziwa, mayai, samaki na ngano vinaandikwa kwa wino mwekundu. Wali nao haukai mezani mchana kutwa. Unaliwa ukiwa moto au unapozwa upesi na kuingia kwenye friji, kwa sababu vijidudu vyake huacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.

Fedha ataziongelea mweka hazina.

Yapo mawili ya kuamuliwa leo. La kwanza, mapishi tuliyoyaandika yasitolewe nje ya chama bila ridhaa ya mwenye nayo, na jina lake litokee akitaka. Wawili walikataa mapishi yao yaandikwe kabisa, wakisema ni ya mabinti zao. Tulifunga daftari na kipindi kikaendelea. La pili, wapishi hawa wawe wanachama kamili wenye kura, badala ya kuitwa wageni waalikwa mwaka hadi mwaka.

Yule mama wa Haiti amekubali kufungua mwaka ujao. Ameomba watu waje asubuhi, kwa kuwa boga ni gumu kumenya na hataki kulimenya peke yake.

Naomba kuwasilisha.