Kimondo chako na karafuu zangu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi huku Wete sote wazima, mbuzi kazaa mapacha, na bibi yako kila siku anauliza unarudi lini. Hadithi yako ya kimondo kinachoiangamiza dunia nimeisoma mara mbili kwenye simu ya kakaako, mara ya pili nikiwa na miwani.

Dunia umeiua vizuri, mashaallah. Lakini wimbi lako si la mtu wa pwani: linakuja tu, kama ukuta. Tarehe 26 Disemba 2004, tetemeko la Sumatra liliposukuma bahari mpaka kwetu, wewe hujazaliwa, mimi nilikuwa Tumbe nasubiri samaki. Ilikuwa bamvua, mchana, maji yanajaa. Mara yakageuka, yakaanza kutoka. Mashua zikalala ubavu. Hakuna aliyepiga kelele. Wazee waliinuka, wakalitazama jua, kisha wakatazamana, maana saa na maji vimegombana. Siku hiyo Dar es Salaam watu walikufa wakiogelea. Ungeanza na ule ukimya.

Halafu lipo jambo umelipitia kwa mstari mmoja, nalo ndilo hadithi yenyewe. (Umesahau mamaako alisomesha jiografia.) Jiwe lililopiga Yucatán, Meksiko, miaka milioni 66 iliyopita, lilichimba shimo la upana wa kilomita 180 hivi, lakini dinosaria waliokuwa mbali hawakumalizwa na kishindo. Vumbi na masizi vililiziba jua, mimea ikafa, njaa ikafuata. Sasa niambie, jua likizibwa hivyo kwenye hadithi yako, Pemba nani angejua wa kwanza? Si yule profesa wa New York uliyemweka hadithini. Ni mimi niliyeanika karafuu. Jua likiwa kali, siku ya tatu au ya nne naokota moja jamvini, naivunja karibu na sikio: ikilia "ta", imekauka. Hebu fikiri siku ya sita, bado inapinda tu, rangi imefifia, jamvi linanuka uvundo. Naanua, naanika, naanua. Jirani anauliza ng'ambo ya ua, "Mvua?" Namjibu, "Mvua gani, hata tone sijaliona."

Hapo mwanangu mimi ningeogopa kuliko kurasa zako zote nne za moto.

Na lile jina la Apophis libadilishe, watu watakusuta. Apophis ni jiwe la kweli, lina upana wa mita 340 hivi, si kilomita 10 kama lako, na wataalamu wameshapiga hesabu kuwa halitatugonga kwa miaka 100 ijayo angalau. Ijumaa ya tarehe 13 Aprili 2029 litapita kiasi cha kilomita 32,000 juu yetu, karibu kuliko setilaiti za televisheni, na litaonekana kwa macho matupu. Mwezi usiku huo hautaonekana, giza zuri kabisa. Ila Aprili ni masika, kwa hivyo huenda tukakaa uwanjani na mwavuli tukitazama mawingu.

Ukiiandika upya, nitie humo nikiwa na jamvi langu, lakini jina langu usiliweke. Na jirani mbadilishe sauti, asije akajijua, maana bado ana ungo wangu.

Mamaako