Ile taa usiitume

Magomeni, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwajuma,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, joto tu ndilo halitupi nafasi ya kulala. Nakuandikia kabla hujaenda stendi: ile taa yako ya pili ya kupigia picha usiipakie kwenye basi. Siihitaji tena.

Chumba changu unakijua, mita tatu kwa nne, kuta nimezipiga chokaa nyeupe kwa ajili ya picha za pasipoti. Wiki nzima nimehangaika kupata picha ya giza zito, uso uonekane upande mmoja tu. Naweka taa moja kushoto, nazima ya dari, nabonyeza, kivuli kinatoka kijivu kama maji ya kufulia. Nikadhani taa haina nguvu, ndiyo maana nikakuomba ya kwako. Kumbe mwanga ulikuwa unampita mtu, unagonga ukuta wa kulia na kurudi kukijaza kivuli. Ulikuwa mwingi mno!

Nikaenda Kariakoo, nikanunua kaniki doti tatu. Nikazitundika kulia na nyuma, nyingine nikaitandika sakafuni. Rangi ilinishika, siku mbili nimewarudishia wateja chenji kwa vidole vya buluu. Kisha nikapiga bila kuwasha fleshi ya taa yangu, kamera nimeibana ipokee mwanga kidogo tu. Picha ikatoka nyeusi tii, kama vile nimesahau kutoa kifuniko cha lenzi. Nikashangilia peke yangu mle ndani, maana sasa mwanga wowote utakaoonekana ni wa taa yangu tu. Hapo ndipo nikamwita yule mzee fundi cherehani wa jirani.

Softboksi, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga wa taa, niliiweka mita moja kutoka usoni pake, juu kidogo ya kichwa, nyuzi 45 kwa pembeni. Pazia la kaniki lilikuwa mita mbili nyuma yake, yaani tatu kutoka kwenye taa; umbali ukiwa mara tatu mwanga hupungua tatu mara tatu, kwa hiyo likapata kama sehemu moja tu ya tisa ya mwanga aliopata yeye. Likazama gizani lenyewe. Nikasogeza taa polepole mpaka kivuli cha pua kikaungana na cha shavu, ikabaki pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho la upande wa giza. Ndiyo wanayoiita mwanga wa Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi aliyefariki 1669, ambaye hakuwa hata na tochi.

Ngozi ndiyo iliyonitoa jasho. Mzee ni mweusi hasa, na paji la uso lilikuwa linawaka kama sufuria mpya. Nikampaka poda, akatoka kama kamwagiwa jivu. Nikamfuta, nikampaka mafuta ya nazi kidogo, halafu nikaigeuza softboksi isimlenge usoni, ukingo wa mwanga tu ndio umguse. Mwajuma, ungeona! Mng'ao ukatambaa juu ya mfupa wa shavu, ukashuka hadi taya, kila kunyanzi likasimama mahali pake. Futikamba ilikuwa shingoni, sikumwambia aivue, na namba 34 inasomeka. Sindano aliyochomeka kwenye kola imetoa nukta moja ya mwanga. Alipoiona picha akanyamaza, kisha akauliza kama naweza kumtolea kubwa ya kutundika kibandani.

Si wote walioridhika. Bibi harusi mtarajiwa nilimpiga vivyo hivyo, bila kumuuliza, akaja juu: "Nimelipia uso mzima, umenipa nusu!" Ana haki, kosa langu. Nikamrudia nikiwa nimesimamisha karatasi ya manila nyeupe upande wa kivuli irudishe mwanga, kama nusu mita kutoka shavuni, uso ukarudi na giza kidogo likabaki. Hiyo ameichukua.

Sasa nataka kumpiga mzee akiwa anashona, mwanga ukidondokea mikononi tu, na cherehani haiingii mle ndani bila kubomoa mpangilio wote. Itabidi nikafunike kibanda chake. Kwa hiyo nauli ya mzigo uliyotenga, ninunulie kaniki doti nne, na uziloweke kwenye maji ya chumvi kabla hujazituma.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Rehema