Watoto washike waya, wasiishie kuuchora

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalohusu ufundishaji wa sayansi katika shule zetu za msingi, ambako mtoto wa miaka tisa au kumi anaweza kufundishwa sakiti ya umeme kwa kuinakili kutoka ubaoni, akaonyeshwa mahali pa betri, pa swichi na pa globu, akawekewa alama ya vema kwa kuwa mistari yake imenyooka, kisha akavuka darasa bila kuwahi kuwasha taa hata moja kwa mkono wake.

Sababu tunayoisikia siku zote ni kwamba hatuna maabara. Kwa watoto wa umri huu sababu hiyo haina nguvu. Betri mbili kubwa za tochi, vipande viwili vya waya, gundi ya karatasi na kijitaa cha LED kilichochomolewa kwenye tochi mbovu vinatosha kundi la watoto watano, na fundi redio wa mtaani anavyo tele mezani pake. Mtoto akiunganisha betri moja ya volti 1.5, kijitaa cheupe hakiwaki. Akiifuatanisha na ya pili, kinawaka, kwa sababu kinahitaji karibu volti 3. Akikigeuza miguu, kinazimika tena, maana taa ya aina hiyo hupitisha umeme kwa upande mmoja tu. Hapo maswali yanaanza yenyewe, na mwalimu halazimiki kuyajibu papo hapo, bali awaachie watoto wageuze, waongeze, wapunguze, wabishane. Kundi lililomaliza mapema lipewe msumari na waya wa shaba wenye laki, yaani rangi nyembamba inayozuia umeme, kutoka kwenye mota iliyoungua. Wakwangue laki kwenye ncha zake, wauzungushe kwenye msumari mara nyingi na kuuunganisha na betri, nao watapata sumaku inayonyanyua pini na kuziachia karibu zote umeme ukikatwa. Wakiuacha waya umeunganishwa kwa muda, utapata joto, na hilo nalo ni somo, ingawa halikuwamo katika andalio la mwalimu.

Kuhusu usalama, masharti ni machache na yasemwe waziwazi: umeme wa ukutani hauguswi kabisa, na betri za simu hazitumiki, kwa kuwa ncha zake zikigusanishwa zinaweza kuwaka moto.

Wapo wazazi wanaolipia vifaa vya roboti kutoka nje, nami sina ugomvi nao. Lakini mtoto aliyetengeneza gari la waya lenye matairi ya kandambili, akalifungia usukani mrefu unaogeuza magurudumu ya mbele, tayari ameshatatua swali la kihandisi. Ajabu ni kwamba gari hilo huachwa nje ya darasa, kana kwamba ndani kunafundishwa kitu kingine.

Sisi wa Lushoto tuna sababu ya pekee ya kulisema hili. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake; kwa kuogopa kukosa nafasi kwenye friza, aliingiza maziwa yake yangali moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, wenzake wakamcheka, lakini mgeni huyo alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwa pamoja. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo hilo. Ninachokitazama mimi ni kwamba swali lilizaliwa kwenye friza, wala si kwenye daftari, na kwamba lingeweza kufia palepale darasani.

Kikwazo halisi, kwa maoni yangu, ni mtihani. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unasisitiza ujuzi, lakini mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ukiendelea kuwa kwa sehemu kubwa wa kuchagua herufi ya jibu, mwalimu mwenye watoto themanini atafanya hesabu zake, naye hawezi kulaumiwa, akiona kwamba kipindi cha kunakili kina faida na utulivu kuliko kipindi cha kelele za betri na misumari. Kwa hiyo naiomba wizara iweke katika upimaji wa Darasa la Nne alama chache, hata kumi tu, za kifaa ambacho mtoto amekitengeneza shuleni kwa vitu vya kuokoteza na anaweza kumweleza mwalimu jinsi kinavyofanya kazi na mahali kilipomshinda. Walimu wakuu nao hawana haja ya kungoja waraka: fundi redio na fundi baiskeli wa jirani waalikwe kipindi kimoja kwa mwezi, waje na makorokoro yao.

Mwalimu mstaafu,
Lushoto, Tanga