Risala ya kikundi cha akinamama wa Kiswahili wa New Orleans kwa Mgeni Rasmi, siku ya maonyesho ya kazi za shanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa kikundi,
Wazee wetu, walimu wa darasa la Kiswahili la Jumamosi, wazazi, watoto na wageni waalikwa,

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Habari za mchana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kutukutanisha hapa. Tunakushukuru na wewe, Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi katika ukumbi huu unaonuka gundi. Utuwie radhi kwa harufu. Ndiyo kazi yenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe umekaa mji huu kabla ya wengi wetu kufika, kwa hiyo Mardi Gras, sherehe ya mitaani ya kabla ya Kwaresima, hatukusimulii. Unajua magari yaliyopambwa yanavyopita na watu waliomo wakirusha mikufu ya shanga, na umati chini ukipiga kelele, “Nirushie kitu, bwana!” Wanetu nao hupiga kelele hizo hizo, tena kwa lafudhi ya hapa hapa. Ikifika Jumatano ya Majivu, kila nyumba ina ndoo mbili tatu za mikufu ya zambarau, kijani na dhahabu, na mwenye nyumba hajui azipeleke wapi. Zisizodakwa huning'inia mitini, au hutumbukia mitaroni. Mwaka 2018 jiji lilitangaza kuwa limezoa zaidi ya kilo 42,000 za shanga kwenye mitaro ya maji ya mvua, na hizo ni za vipande vitano tu vya barabara ya St. Charles Avenue. Mji wenyewe ndio huu, mvua ya saa moja tunavua viatu.

Ndipo akinamama tukasema: shanga ni mambo yetu. Humu yumo aliyekulia Lamu, yumo wa Tanga, wa Bukavu na wa Longido. Kutunga tumefundishwa na bibi zetu. Basi tutatunga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukutunga. Ukikata mkufu wa Mardi Gras unakuta ushanga hauna tundu. Kiwandani plastiki huumbwa juu ya uzi ikagandia hapo hapo. Uzi hautoki, sindano haipiti. Tulihangaika mwezi mzima. Mama mmoja alikuwa na nia ya kujitungia utunda. Mengine hayasemwi kadamnasi, niseme tu kwamba ushanga mmoja ni mkubwa kama njegere, na kiuno hicho kingesikika hadi mji wa Baton Rouge.

Kazi ilisonga siku tulipokubali kuwa shanga hizi si za kutunga. Ni za kubandika, au za kutumia na uzi wake bila kuukata. Kwa njia hii ya pili tulipata mapazia ya mlango: unafunga mikufu kwenye fimbo ya mbao, mmoja baada ya mwingine, basi. Ndiyo yanayonunuliwa kuliko vyote, ingawa ndiyo yaliyotutoa jasho kidogo kuliko vyote. Mikufu myembamba tunaishonea kwenye pindo za vitambaa vya meza vya kufuma, ili upepo wa barazani usivipeperushe.

Kubandika ndiko kuliko na elimu. Fremu za vioo unazoziona ukutani zimejazwa shanga moja moja, rangi kwa rangi. Gundi ya moto hatuitumii tena, kwa sababu rangi ya dhahabu hubanduka nayo kama ganda la kitunguu. Tunatumia gundi nyeupe ya mbao na tunasubiri hadi kesho yake. Tulijaribu pia kusafisha madoa kwa dawa ya kufutia rangi ya kucha. Shanga ziliyeyuka mbele yetu kama sukari kwenye chai. Na msomaji wa risala hii, yaani mimi, niliwahi kuziweka kwenye oveni nyumbani nikitaka zishikane ziwe sahani. Kengele ya moto ililia, na majirani wa ghorofa tatu wakashuka na nguo za kulalia. Kikundi kikaazimia siku ile ile: hatuyeyushi.

Hata sahani zingefaulu tusingeziuza. Watafiti waliopima shanga hizi wamekuta madini ya risasi katika baadhi yake. Kwa hiyo hatutengenezi kawa, wala kifuniko cha jagi, wala kitu ambacho mtoto mdogo atakipeleka mdomoni. Na mtu akimaliza kazi ananawa mikono kabla ya kugusa maandazi, hata kama maandazi yanapoa.

Kuna aliyependekeza tasbihi. Tulijadili muda mrefu, kisha wazee wakasema kitu kilichorushwa katikati ya ngoma na pombe kibaki na ngoma yake. Hatukupiga kura.

Lililotufurahisha kuliko yote ni bao. Komwe huku hazipatikani, na wazee wetu walikuwa wakicheza kwa maharage. Tumekata shanga kubwa za dhahabu, kete 64 kwa kila bao. Wazee wamezipokea kwa malalamiko: komwe ikidondoka shimoni unaisikia, hii inadondoka kama haipo. Lakini hawajarudi kwenye maharage.

Tusikufiche, Mheshimiwa: katika magunia kumi sisi hutumia moja. Mengine tunayapeleka Arc of Greater New Orleans, taasisi inayoajiri watu wenye ulemavu wa akili kuchambua shanga na kuziuza tena kwa wanaozirusha mwaka unaofuata.

Katika gunia moja tulikuta mkufu mzito, wa kioo. Kabla ya plastiki, shanga zilizorushwa hapa zilikuwa za kioo, nyingi zikitoka Bohemia, nchi ya Wacheki. Mwenzetu wa Longido aliushika akaupeleka dirishani, akasema, “Hizi nazijua.” Na kweli, shanga wanazotunga mama zake huko Umasaini, nyingi hutoka kwa Wacheki hao hao. Zina tundu. Mkufu ule tumemwachia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu la kwanza ni chumba cha kuhifadhia. Magunia yamo gereji ya Mwenyekiti, na gari lake linalala nje tangu Machi. La pili ni drili mbili ndogo zenye ncha nyembamba, kwa sababu kuna wabishi miongoni mwetu ambao bado wanataka kutunga. La tatu ni neno lako kwa uongozi wa shule, turuhusiwe kuweka pipa la kukusanyia shanga langoni wakati wa Kwaresima.

Tunakukabidhi zawadi ya bao hili. Kete zake 64 zimehesabiwa mara mbili mbele ya mashahidi. Wazee wamekwisha kukaa mkekani, wanasema chakula kitasubiri.

Naomba kuwasilisha.