Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Dodoma: makorongo kwanza, viwanja baadaye

Mstahiki Meya,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Nzuguni. Huku usiku wa mgao naamka saa nane kusikiliza bomba. Likianza kukohoa hewa najua maji yako njiani. Nafungua koki ya simtanki, nawaamsha wanangu walete madumu.

Sensa ya 2012 ilitukuta watu 410,956. Ya 2022 ikatukuta 765,179. Serikali imehamia, Mtumba pameota mji wake, treni ya umeme imefika. Nafurahia yote hayo, na sisemi mji usikue. Nauliza utakunywa nini.

Kwa miongo mingi tumekunywa visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Kina cha maji pale kimepimwa tangu miaka ya 1950, na vipimo hivyo vinaonyesha kwamba bonde halijai kila mwaka wa mvua. Hukaa miaka likishuka, hadi ije mvua kubwa kama ile ya El Nino ya 1997/98. Hapo mito ya msimu hufurika, maji hutanda juu ya mchanga na kuzama taratibu. Akiba inayotuvusha miaka ya ukame huingia kwa njia hiyo. Kwa hiyo korongo kavu si ardhi iliyokaa bure, Mstahiki, hata kama mnunuzi ana fedha mkononi.

Juzi nilipita kwenye korongo moja upande wetu huu. Bikoni mpya ya kupimia kiwanja imesimikwa hatua chache tu kutoka ukingoni. Juu yake, kwenye tawi la mgunga, zimenasa nyasi kavu na kipande cha kandambili, usawa wa bega langu. Maji yaliwahi kufika pale! Atakayejenga hapo hakika alionyeshwa kiwanja wakati wa kiangazi. Chini, ndani ya korongo, tipa mbili zilikuwa zinapakia mchanga.

Mpango Kabambe wetu wa kuendeleza mji unakwenda hadi 2039. Naomba kabla ya kupima viwanja vingine, makorongo yote yachorwe kwa upana wa mafuriko yake, siyo upana wake wa Septemba, na ramani hiyo ibandikwe kwenye kila ofisi ya mtaa ili mnunuzi aione kabla hajalipa. Makutupora palindwe pasijengwe, na mchanga wa mito inayopeleka maji huko usiguswe.

Tena, kibali cha ujenzi kidai mifereji ya paa na tangi. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 550 kwa mwaka, linapokea lita 55,000. Hata nusu yake ikipotea, inayobaki inajaza simtanki la lita 5,000 mara tano. Mwaka huu maji yote ya paa langu yamemwagika barabarani na kuchimba shimo mbele ya geti la jirani.

Pale kwenye bikoni ile ya chini ya mgunga bado hapajajengwa msingi. Nikiitwa, nitakuja kuwaonyesha wapimaji wako ilipo.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Nzuguni