Una laki mbili na unataka baiskeli ya kwanza? Chukua ya gia moja

Karibu kila wiki anaingia mtu hapa dukani kachoka foleni, kachoka nauli, ana laki mbili yake mfukoni na swali la kwanza ni "hii ina gia ngapi?" Jibu letu liko palepale, kama uko Dar, unakaa Magomeni na kazi yako iko Kariakoo au Upanga, au unazungukia Mikocheni na Msasani, chukua ya gia moja. Njia ni tambarare. Baiskeli ya gia ya laki mbili mara nyingi gia zenyewe zimeshachoka, cheni inaruka, waya umeshika kutu, miezi miwili tu unajikuta unaendesha gia moja vilevile na hela ya matengenezo imeenda. Kama kila siku unapanda Kimara au unaenda Pugu hapo sawa, gia utazihitaji, njoo tuongee.

Kuhusu uzito wa kukanyaga, hesabu meno yanayoshika cheni, ya mbele kwenye pedeli na ya nyuma kwenye gurudumu. Mbele 44 nyuma 18 ni nzuri sana kwa mtu anayeanza, ukikanyaga mzunguko mmoja tairi la nyuma linazunguka karibu mara mbili na nusu, inaondoka kirahisi kwenye mataa na kwenye mchanga wa mtaani haikukwamishi. Nyuma ikiwa na meno 14 na mbele 44 utaenda kasi ndio, ila magoti utayasikia.

Sasa kinachowaumiza watu kwelikweli ni saizi ya tairi na hakuna anayewaambia. Juzi kati kaja kijana anasukuma used ya Japani, nzuri kabisa, kainunua sehemu nyingine, tairi la nyuma limechanika ubavuni. Alikuwa ameshanunua tairi jipya la 26 njiani, fundi kahangaika nalo nusu saa halipandi kwenye rimu, na fundi hana kosa. Tuliweka matairi mawili chini tukamwonyesha maandishi madogo ubavuni, la zamani limeandikwa 26 x 1 3/8 na pembeni 37-590, jipya lina 26 x 1.95 na linaishia na 559. Ile namba ya mwisho ndo kipenyo cha pale tairi linapokalia kwa milimita, kwa hiyo yote yanaitwa 26 lakini moja ni dogo kwa sentimita tatu nzima, hata ulivute na nini haliingii. Namba 28 nayo ina mtego huohuo, ya Phoenix ya kubebea mizigo inaishia 635 na zile nyembamba za mbio 622. Kwa hiyo kabla hujalipa, piga picha ubavu wa tairi, nenda kwa fundi wa mtaani kwako muulize kama hilo analo. Kama hana, acha hata kama rangi imekuvutia.

Tukirudi kwenye baiskeli yenyewe, inyanyue nyuma uzungushe gurudumu, macho yawe kwenye nafasi kati ya rimu na raba ya breki, ikiwa inakaribia na kukimbia inakaribia na kukimbia ujue rimu imepinda au spoku zimelegea. Shika mkono wa pedeli utikise kushoto kulia, ukicheza gololi zimekwisha au nati imelegea. Hapa dukani tuna kasumaku kadogo tunakagusisha kwenye rimu, kakinasa ni chuma, kasiponasa ni alumini, na sisi tunapenda alumini kwa sababu mvua ya masika ikinyesha rimu ya chuma breki inateleza mno, na kutu ya huku pwani mnaijua wenyewe.

Cheni ibonyeze katikati, icheze kama sentimita moja. Halafu angalia pale ekseli ya nyuma inapokaa kwenye fremu, uwe mfereji wa kulala ili fundi avute gurudumu nyuma cheni ikilegea, spana namba 15 tu inatosha. Zipo baiskeli za gia zilizong'olewa gia zikaitwa gia moja, mfereji wake umesimama wima, cheni ikilegea huna pa kuivutia na itakudondokea katikati ya magari pale Ubungo.

Zile ambazo pedeli hazisimami tairi likiwa linazunguka, fixie, vijana wanaziulizia sana, ila kwa baiskeli ya kwanza kwenye jiji la bodaboda na daladala hapana jamani. Breki mbili, mbele na nyuma, zote zishike.

Na laki mbili usiimalize yote. Bakiza kama elfu thelathini ya tyubu ya akiba, raba za breki na kufuli la maana.

Ukija njoo saa kumi na moja jua likipoa, tutakupandishia siti mpaka kisigino kikiwa kwenye pedeli ya chini mguu unyooke, kisha zunguka nayo mpaka kwenye tuta la mwisho wa mtaa, shika breki zote mbili pale, urudi. Ukisikia kitu chochote kinagonga tuambie, tunakifungua hapohapo ukiwa unaangalia.