Asante, mama wa gatini Herrenchiemsee

Shukrani kwa mama wa makamo, jina hatukulipata, aliyetuelekeza gatini kwenye kisiwa cha Herreninsel, Ujerumani. Kasri la Herrenchiemsee la Mfalme Ludwig II wa Bavaria, lililoanzwa kisiwani humo mwaka 1878 kwa kuiga kasri la Versailles la Ufaransa, lina utaratibu wake. Tiketi ya boti kutoka Prien, mji ulio ng'ambo kando ya ziwa, haikuingizi ndani. Ya kasri hununuliwa karibu na gati, kabla ya kupanda njia ya msituni. Kutembea ni kama dakika 20, hivyo chagua saa inayokupa nafasi: tiketi ina muda maalumu, na kundi likishaingia na kiongozi halimsubiri mtu. Picha ndani ni marufuku.

Alisisitiza tuombe kuona ngazi ya kaskazini, matofali matupu, kwa kuwa ujenzi ulikoma mfalme alipofariki 1886. Kweli, inafundisha kuliko dhahabu yote ya Ukumbi wa Vioo, ingawa ukumbi huo umeupita ule wa Versailles kwa urefu. Jumba la makumbusho, upande wa kusini wa kasri, unalizunguka kwa mwendo wako. Chemchemi za bustani huzimwa majira ya baridi. Mungu akubariki, mama.